Hujikuna Ajipatapo

Njia ya saba ya mgodi ilipoporomoka
sikusikia kishindo. Nilisikia kimya,
kisha Duan akiniita gizani: "Geng, Geng,
vuta miguu yako,"
nami nikamuuliza, ya nani?

Hilo ni la miaka minne, silisimulii tena.
Wageni hupenda habari za miguu.
Huitazama imelala chini ya blanketi kama mbao za stoo,
hunong'ona: maskini, hatatembea.
Kutembea! Ningewaachia kutembea kote
wanirudishie kukojoa.

Mimi nalitaja neno lenyewe. Sulian hulizunguka,
husema "saa imefika",
na saa hufika: saa nne, saa nane, saa kumi na mbili,
kisha hivyo hivyo usiku.
Katika baridi ya Shanxi, ukingoni mwa kitanda cha udongo
chenye moto tumboni mwake,
huuchemsha mrija, huupaka mafuta,
uso kaugeuzia dirishani kwa kunistahi,
kana kwamba theluji ina jambo la kumwambia.

Homa zikaja. Figo, walisema.
Figo halina subira ya mke.

Tukapanda treni ya usiku hadi Zhengzhou
na kiti cha magurudumu cha kuazima
na mfuko wa mikate ya mvuke.
Daktari alichora kwa kalamu nyekundu
nyuma ya bahasha ya eksirei:
neva hii ilikuinulia unyayo, sasa haina kazi.
Hii ya kibofu, amri zake zilikatikia juu.
Tutaikata ya mguu, tuishone kwa ya kibofu,
chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko kope.
"Kisha utajikuna paja."
"Paja?"
"Hapa. Paja litapeleka habari, mlango ufunguke."

Mama alikuwa akisema, mtu hujikuna ajipatapo.
Alisema tulipokula uji wa mtama mwezi mzima,
na aliponishonea koti kutoka blanketi la babu.
Sikujua ni dawa ya kuandikiwa na daktari.

Neva hukua milimita moja kwa siku.
Kucha huchelewa zaidi. Nikazingoja zote mbili.

Mzee Pang wa Anhui, kitanda cha pili,
alipasuliwa wiki moja nami.
Aliandika mwezi wa tisa: bado.
Mwezi wa kumi na tatu: bado.
Kisha hakuandika, nami sikuuliza.

Nilijikuna kila asubuhi kama mwenye upele,
paja la kushoto, ngozi isiyojua inakunwa,
hadi ikachubuka, Sulian akaipaka zeri
akinung'unika: unamkuna nani huko?

Ilikuwa Jumanne. Yeye yuko uani, anakata kabichi za kuchachua.
Nikakuna. Ikasita.
Ikaja. Si nyingi,
ujazo wa kikombe cha pombe ya mtama.
Beseni lenye ua jekundu lililobanduka
likalia ti, ti, kisha likaacha kuhesabu.
Sikuhisi kitu, niliseme hilo wazi:
ngozi haikujua, mimi sikujua,
ila huko chini gizani mtu alibisha hodi
kwenye mlango usio wake, akafunguliwa.

Akaja mbio na kisu, mikono imejaa chumvi,
akidhani nimeanguka.
Akaangalia beseni. Akaangalia mistari ya kucha pajani.
Akakaa sakafuni palepale,
akacheka, ananuka kabichi.

Sisemi nimepona. Yako masiku mlango hukataa,
na mrija bado umo kwenye kopo lake.
Lakini jana saa nane za usiku aliamka kwa mazoea
akanikuta nimekwisha jikuna.
"Lala," nikamwambia.
Akalala hadi jua likamfikia shingoni,
mdomo wazi, mkono mmoja nje ya blanketi,
kama mtu aliyetoka zamu.